Barua ya Wazi kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Mfano wa Hundi

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kupitia kwa itifaki, ambayo kama kawaida imezingatiwa.

Mfano wa hundi ni kibao chepesi chenye urefu wa meza ya kulia, kilichobandikwa karatasi ya rangi yenye nembo, tarehe, tarakimu na sahihi ya mtu ambaye hajapata kuonekana Chake Chake, Pemba. Hushikwa na watu wasiopungua wanne: Mgeni Rasmi upande wa kulia, mwenyekiti wa kikundi upande wa kushoto, na baina yao viongozi ambao mikono yao hukielekea kibao bila kukigusa. Mwenyekiti wa kikundi mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi uso wake hauonekani, kwa kuwa kibao kimemfika puani. Picha zikishapigwa, kibao hutiwa garini na kuondoka na msafara. Kikundi hubaki na viti vya kukodi na kazi ya kuvirejesha.

Desturi hii ilikuwepo kabla ya UVIKO-19, lakini ilistawi hasa baada yake, katika miaka iliyoitwa ya ahueni. Chanzo kinajulikana. Mnamo Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola za Marekani milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3, na katika fungu hilo Zanzibar ikapata shilingi bilioni 230. Uadilifu unataka isemwe, kabla ya maombi kuanza, kwamba fedha hizo zilifanya kazi zinazoonekana kwa macho. Hospitali ya Wilaya ya Vitongoji ipo, na haihitaji kibao ili ithibitike. Wajasiriamali nao walitajwa, na kutajwa huko ndiko kulikoleta maturubali ya hafla.

Sehemu ya mkopo ule wa taifa, kiasi cha dola milioni 189, ilitolewa bila riba, kwa muda wa miaka 10, na marejesho ya kwanza yakaahirishwa miaka mitano na nusu. Hakuna kumbukumbu kwamba Jamhuri ya Muungano ilitakiwa kuleta barua ya Sheha, picha mbili za pasipoti, wadhamini wawili ambao mmoja wao awe mtumishi wa serikali, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa, na kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilichogongwa muhuri. Wala haikuambiwa kwamba mhusika ametoka, irudi Jumatatu. Muuza vitunguu wa Machomanne anayetaka mtaji wa magunia mawili huyaleta yote hayo, na Jumatatu hurudi.

Biashara ndogo za Chake zina tabia yao, na huenda tabia hiyo ndiyo iliyozifanya zisionekane kutoka mbali. Mji huu hauishi kwa watalii moja kwa moja. Hesabu za ahueni, kwa upande wake, zilipenda sana watalii. Walioingia Zanzibar walikuwa 538,264 mwaka 2019, wakashuka hadi 260,644 mwaka 2020, na mwaka 2022 wakafika 548,503; kwa hesabu hiyo uchumi ulikuwa umeshapona na kuzidi. Lakini wageni wengi hushukia Unguja, wakalala Nungwi, Kiwengwa na Paje. Kinachovuka bahari kuja Pemba ni fedha za vijana wa Kipemba wanaotandika vitanda vya wageni hao: ada, unga, simenti ya chumba kisichokwisha. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020, vijana walishuka bandarini Mkoani na mabegi yao, na fedha zikakatika. Hoteli zilipofunguliwa, si wote walioitwa tena.

Fedha ya pili ya mji ni karafuu. Karafuu ina misimu yake, haizai sawa kila mwaka, na mnunuzi wake kisheria ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Baina ya msimu na msimu watu hula kwa daftari. Kilo mbili za mchele, nusu ya sukari, sabuni ya mche, vyote huandikwa vilipwe karafuu zikiuzwa, na mwenye duka naye amechukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla wa Unguja au Tanga, akiahidi vivyo hivyo. Fedha za hotelini zilipokoma, mzigo wote ulihamia katika daftari hizo.

Huo ndio uliokuwa mfuko wa ahueni uliofika mapema kuliko yote. Haukuzinduliwa. Haukuwa na nembo wala mratibu, na riba yake ilikuwa ni aibu ya mdaiwa anayepita njia ya nyuma ili asikutane na mwenye duka. Baadhi ya wenye mifuko hiyo walilemewa, wakauza rafu na mizani, wakafunga mlango, na hawakufungua tena. Hawamo katika picha yoyote. Mfano wa hundi hukabidhiwa aliyebaki, kisha hotuba husomwa kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Hafla yenyewe hufuata mpangilio usiobadilika, iwe Gombani au katika ukumbi wa Makonyo, Wawi. Wafanyabiashara hutakiwa kufika saa mbili asubuhi, maana yake ni kufunga vibanda saa ambazo soko limechangamka. Mgeni Rasmi, ambaye amekuja kwa ndege ya asubuhi na atarudi kwa ndege ya jioni, huwasili saa tano. Hutembezwa kwenye meza za maonyesho: sabuni za mwani, asali, achari ya ndimu, makawa ya ukili, mafuta ya nazi katika chupa zilizokuwa za kitu chengine. Hunyanyua sabuni, akainusa, akauliza kama inatengenezwa hapahapa. Akijibiwa kuwa ndiyo, husema hongereni, akairudisha mahali pake na kuhamia meza ya pili. Mwisho wa safari hiyo hupewa zawadi ya vitu vyote alivyovinusa. Siku ile ya kuinua biashara ndiyo siku ambayo kikundi hakikuuza kitu, na kimetoa mali bure.

Kutokana na hayo, maombi yafuatayo yanawasilishwa kwa heshima zote.

Ombi kuu ni kwamba mfano wa hundi, kuanzia sasa, uchapishwe juu ya bati.

Bati linalopendekezwa ni la migongo, geji 28, futi 10. La geji 30 ni rahisi zaidi, lakini upepo wa kusi hulipinda, na haipendezi tarakimu za mamilioni zikajikunja mbele ya waandishi wa habari. Rangi na maandishi yawekwe upande mmoja tu, ule utakaotazama chini. Upande wa juu uachiwe jua na mvua. Bati likishapigiliwa kwenye kibanda, mnunuzi anayeinua uso wakati akifikiria bei atasoma kiasi chote alichopewa muuzaji, tarehe aliyopewa na aliyemkabidhi, bila ya kuhitaji kuuliza. Muuzaji naye, masika ikimzuia kutoka, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, atakuwa na kitu cha kusoma.

Urefu umechaguliwa kwa makusudi. Futi 10 huwatosha viongozi wa meza kuu wote kusimama bega kwa bega bila mmoja kulazimika kushika kiwiko cha mwengine, tatizo ambalo kibao cha sasa kimeshindwa kulitatua. Migongo ya bati hutoa mahali pazuri pa kupanga vidole kwa kufuata vyeo. Uzito wake ni wa kweli, na Mgeni Rasmi atapata kuhisi, hata kama ni kwa muda wa picha, kwamba amebeba kitu. Kingo zake ni kali, hivyo itifaki italazimika kununua glavu, na glavu zinauzwa Chake.

Kuhusu awamu, ambazo hutangazwa kila mara, bati huzirahisisha. Kibanda kidogo kinaezekwa kwa mabati manne. Awamu ya kwanza itafunika mbele, ya pili nyuma, na kufika ya nne, hata kama fedha zenyewe bado ziko njiani, mboga hazitanyeshewa. Awamu ambayo haikufika itajulikana kwa kutazama juu: palipo na mbingu ndipo mradi ulipoishia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ataweza kuukagua mji mzima akiwa ndani ya gari linalokwenda, jambo litakalookoa posho za siku kadhaa.

Huenda ikaulizwa kama bati haliwezi kughushiwa. Linaweza. Mtu anaweza kununua bati lake, akaliandika bilioni tatu na kuliezeka. Akifanya hivyo atakuwa amepata paa na serikali haijapoteza hata senti, matokeo ambayo mipango mingi halali haijayafikia. Huenda ikahojiwa pia kwamba bati ni ghali kuliko karatasi. Hoja hiyo itapimwa siku ambayo gharama za hafla moja, yaani mafuta ya msafara, maturubali, vipaza sauti, fulana, maji ya chupa na posho, zitabandikwa ukutani pale soko kuu la Chake, wauza samaki wakazisoma. Wao ni wepesi wa hesabu.

Panapokuwa na kikundi ambacho tayari kina paa, ikubaliwe kibali maalumu cha kulitumia bati kwa kuanikia dagaa. Maandishi katika hali hiyo yafunikwe, kwa kuwa dagaa huuzwa kwa kilo na mnunuzi asije akadhani anauziwa kwa tarakimu zilizo chini yake.

Maombi mengine ni madogo. Mgeni Rasmi akinusa sabuni, ainunue. Akila kashata, alipe. Chakula cha wageni kipikwe na wanawake wa Chake walioitwa kupongezwa, badala ya kufika kimeshafungwa kwenye maboksi. Fulana zisiwe zote za mtu mmoja mnene. Ving'ora vizimwe msafara unapopita sokoni, kwa sababu punda na ng'ombe wa magari ya mizigo hawajahudhuria semina. Semina za kutunza hesabu zifundishwe na mtu aliyewahi kudaiwa. Baraza la Mji lisipeleke wakusanya ushuru siku ileile ya uzinduzi. Kesho yake inatosha.

Kuna jambo moja ambalo halikupata nafasi katika maombi, kwa kuwa halina cha kuombwa. Mtu mzima mwenye wajukuu husimama juani na kushukuru kwa kipaza sauti fedha ambazo hajaziona, kwa sababu anajua kuwa asiposhukuru vizuri, jina lake linaweza lisisomwe awamu ijayo. Huelekezwa atabasamu. Huambiwa arudie kushukuru, kwani kamera ya kwanza haikuwa tayari. Akirudi nyumbani, jirani anayemdai anamsubiri barazani, maana naye ameiona picha na anataka chake. Kumweleza jirani huyo kuwa kibao kilirudi na gari ni kumwambia kwamba yeye, mzee wa watu, alisimama mbele ya mji mzima akisema uongo. Na alisema. Aliyemwandikia maneno yale alikuwa amekaa kivulini, na alilipwa.

Barua inaomba radhi kwa lugha hiyo na inarejea kwenye mabati.

Utekelezaji hauhitaji sheria mpya, bajeti ya nyongeza wala ziara ya mafunzo nchi za nje. Mafundi wa kuandika kwa rangi wapo mjini. Ndio wanaoandika majina ya maduka na mashua. Kazi ya kukata na kupigilia itafanywa na wenye vibanda. Misumari watajitolea, ingawa misumari ya mabati yenye kofia ingekuwa ni awamu nzuri ya tano. Mifano ya hundi ya zamani iliyorundikwa katika stoo za ofisi irejeshwe kwa vikundi vilivyotajwa juu yake, na kila kimoja kionyeshwe ni lini fedha zake ziliingia benki. Vile ambavyo tarehe hiyo haipatikani, vipewe bati kwanza.

Majibu yanaweza kuletwa kwa Sheha yeyote wa mjini Chake, siku ambayo hakuna hafla. Viambatanisho havikuwekwa. Vivuli vya vitambulisho, barua za masheha, picha za pasipoti, katiba za vikundi na mihtasari ya vikao vilishawasilishwa zamani katika ofisi zinazohusika, kwa nakala tatu tatu, na vikihitajika tena vimo katika makabati yaleyale.