Tule Wapi, Anko?

Kuishi Karatu kuna raha zake, mpaka mpwa wako atangaze kwamba harusi yake itafanyika hapo hapo Karatu. Ghafla ukoo mzima, wa Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, unakumbuka kuwa una namba yako ya simu. Kamati imenipanga mapokezi kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Tangu hapo simu haipumui: "Shikamoo anko, huko tule wapi? Tutembee wapi? Tunataka vya kienyeji, vya huko huko."

Marahaba. Nikakaa, nikaandika kwenye kundi la harusi maelezo marefu kuliko hotuba ya baba mzazi. Mkipita Mto wa Mbu, nunueni ndizi nyekundu, na mchele wa pale msiuache. Mkifika kwetu kuna kande, kuna ugali na maziwa mgando kama Wairaqw wanavyoupenda, na kuna mbaazi. Mbaazi zetu zilikuwa zinapanda meli kwenda India, mpaka India ilipobana uagizaji mwaka 2017, bei ikaporomoka, tukabaki nazo tukazila wenyewe mchana na usiku. Mkiwahi siku ya mnada, nendeni mkale nyama choma: unachagua kipande, mchomaji anakikatakata juu ya ubao mbele ya macho yako, chumvi anaimwaga pembeni na pilipili anakupa nzima uitafune mwenyewe.

Jibu la kwanza: "Anko, chipsi kuku zipo?"

Jibu la pili lilitoka kwa shemeji wa Tanga, anauliza kama samaki wa nazi anapatikana. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mtu anataka samaki wa nazi! Nazi ipo, shemeji. Imekuja na basi kama utakavyokuja wewe, na imefika imechoka.

Sisemi kwamba wenyeji nasi hatuna makosa. Mashamba ya kahawa yametuzunguka mpaka huko Oldeani, tangu enzi za walowezi, na bado kuna hoteli hapa mjini, siitaji jina, ukiagiza kahawa unaletewa chupa ya maji ya moto na kopo la unga wa dukani ukoroge mwenyewe. Mgeni akinywa hiyo akaenda kwao kusema kahawa ya Karatu haina ladha, nitamjibu nini?

Lakini yote hayo ni madogo. Kinachonipandisha presha ni kreta ya Ngorongoro.

Kila mgeni ana mpango ule ule: "Jumamosi asubuhi tunachungulia kreta mara moja, saa nane tuko kanisani." Mara moja! Hata pale juu watu wanapopigia picha ni ndani ya geti la Lodoare, kwa hiyo kuchungulia nako kunalipiwa, na hawataki noti zako, wanataka namba ya kumbukumbu ya malipo. Baada ya geti kuna kona na ukungu. Kisha kuna kushuka mita kama 600, na gari la kushukia ni la kuvuta tairi zote nne. Bamdogo mmoja ameniandikia kwamba Noah yake imetoka gereji juzi. Bamdogo, hata ingetoka juzi kiwandani Japani, haishuki.

Na wanaoshuka ndio wananiletea kesi. Harusi iliyopita niliwaambia, kwa maandishi: mkifika Ngoitokitok, chakula kinaliwa ndani ya gari. Shangazi akasema yeye si mtoto wa kulishwa garini. Akashuka na kitenge chake kipya, akasimama kando ya bwawa, viboko wametoa macho majini, paja la kuku mkono wa kulia, soda mkono wa kushoto, anasubiri kupigwa picha. Mwewe hapigi hodi. Alitoka nyuma, upepo ukapita sikioni, na paja likaenda zake angani. Picha ipo: shangazi ameinua vidole vitatu vinang'aa mafuta, mdomo wazi. Jioni ndafu ilipoingizwa ukumbini na majani mdomoni, watu wote wanapiga vigelegele, yeye alitazama dari kwanza.

Bado akanidai twiga. Kwamba amelipa kiingilio na twiga hakumwona. Shangazi, kreta ina simba, ina nyati, ina faru, twiga haina. Wataalamu wanasema kuta ni kali mno kwake na miti ya kumshibisha chini kule ni michache. Twiga huonekana bure barabarani upande wa Makuyuni, mkipita mmelala midomo wazi.

Kuna na wale wanaotaka niwapeleke Ziwa Eyasi "kupiga picha na Wahadzabe kidogo" kabla ya ukumbini. Hao ni watu wenye shughuli zao, si pambo la harusi. Ukienda huko, nenda kwa utaratibu, kwa siku yake, na ukirudi pitia Mang'ola ununue vitunguu.

Kuhusu sare: kamati ya Dar imechagua mgongo wazi na viatu vyeupe. Harusi ni Julai. Udongo wetu ni mwekundu, na baridi ya hapa haijui kama umechangia. Nimesema mara moja kwenye kundi nikajibiwa kwa alama za vicheko.

Basi ushauri wangu wa mwisho ndio huu. Fikeni Alhamisi, kreta iwe Ijumaa, Jumamosi mpumzike asubuhi kama watu wazima. Sweta. Soksi. Wenye Noah waache funguo kwangu. Na wote ambao hawajakamilisha ahadi zao, mweka hazina bado anapokea. Hizo chipsi kuku mnazouliza hazitajinunua zenyewe.