Elimu ya Kukimbia

Sisi wenyeji wa Bukavu hatukujaaliwa mahali tambarare. Mji wetu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, umejengwa juu ya mabega ya vilima na juu ya rasi tano zilizojitia katika Ziwa Kivu, na hapana mtu aendaye sokoni Kadutu asiyepanda kisha akashuka, au asiyeshuka kisha akapanda. Kwa hiyo tulipoazimia kuizuru Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyo mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, hapakuwa miongoni mwetu aliyeona haja ya kuulizia habari za milima.

Mkuu wa msafara alikuwa mjomba wangu, mzee wa tai na kofia, ambaye katika fani ya kukimbia hana mfano katika ukoo wetu. Mwaka 1964, waasi wa Mulele walipoushambulia mji na Léonard Mulamba wa jeshi la serikali akawazuia, alikimbia akiwa mgongoni mwa mama yake. Mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji tangu Agosti hata mwanzo wa Novemba, alikimbia kwa miguu yake mwenyewe, ameshika upindo wa kitenge cha bibi. Oktoba 1996, siku zile Askofu Mkuu Munzihirwa alipouawa pale Nyawera, alikimbia na mke na godoro. Na Juni 2004, walipoingia wanajeshi waasi wa Nkunda na Mutebutsi, alikimbia na cherehani. Kutokana na maarifa hayo ametunga kanuni ambazo watoto wote wa nyumbani huzijua kabla ya kuijua alfabeti: mtu asingoje kukiona kinachokuja, bali ausikilize mlio, aukadirie umbali, kisha achague upesi baina ya kulala kifudifudi na kushika njia. "Aliyekimbia," hupenda kusema, "ndiye anayesimulia."

Pale Tshivanga, penye lango la hifadhi, tulipokewa kwa taadhima na kiongozi kijana aliyevaa magwanda, akatueleza kwamba hifadhi iliasisiwa mwaka 1970 kwa jitihada za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikapanuliwa mwaka 1975 hata ikafikia kilomita za mraba 6,000, na mwaka 1980 UNESCO ikaitia katika urithi wa dunia. Mwaka 1997 ikatiwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu yake kila mtu wa Bukavu anaijua pasipo kuelezwa: wakimbizi wa Rwanda wa 1994 waliopiga kambi kandokando ya msitu na kuukata kwa kuni, vita vya 1996 na 1998, kisha homa ya madini ya koltani. Gorila wa upande wa milimani, waliohesabiwa 258 mwaka 1990, baada ya miaka kumi hivi walikuwa wamebaki kadiri ya nusu.

Mbele ya mafuvu ya tembo na gorila waliouawa, mjomba akavua kofia. Akamkumbuka Maheshe, dume mashuhuri ambaye watu husema sura yake ndiyo iliyochapwa katika noti ya zaire 50,000, na ambaye aliuawa mwaka 1993, mwaka uleule noti yenyewe nayo ilipokufa, serikali ilipobadilisha zaire 3,000,000 za zamani kwa zaire mpya moja.

"Maheshe aliwazoea mno watu," akasema mjomba kwa majonzi. "Angalikimbia, angaliishi."

"Na noti, Mjomba?" akauliza mpwa wangu.

"Noti ilikimbia kuliko sisi sote, mwanangu. Kila ulipoamka asubuhi, thamani ilikuwa imekwisha kufika mbali."

Ndipo kiongozi akatusomea masharti: tuvae barakoa, tusimkaribie gorila chini ya mita saba, tusinyoshe kidole, tuseme kwa sauti ya chini, na dume akitujia kwa kishindo, tuinamishe vichwa na tusimame palepale. Tusikimbie kamwe.

Mjomba aliomba sharti hilo la mwisho lirudiwe, kama mtu aliyesikia kufuru na angali akitumaini kwamba masikio yake ndiyo yenye kosa.

"Tusikimbie, Mzee. Anatisha tu. Lakini akikuona unakimbia, atakufuata."

"Kijana, wazazi wako wa wapi?"

"Wa hapa hapa, Mzee. Miti."

"Na wao hawakukimbia?"

"Walikimbia, Mzee. Lakini hawakukimbia gorila."

Mjadala ungaliendelea hata adhuhuri kama mfuatiliaji wa nyayo, Mtwa mmoja mpole mwenye panga, asingalitangulia msituni. Yeye hakutia neno, ingawa wazee wake walitolewa katika msitu huu kwa ajili ya hifadhi, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kuzungumzia habari za kukimbizwa kuliko sisi sote.

Msitu ulitupokea bila heshima ya umri wala cheo. Mjomba alikuwa amekataa mabuti ya mpira, akidai kwamba viatu vyake vya ngozi vilikwenda ibadani kila Jumapili na havijapata kumwangusha. Basi kila alipokanyaga, tope lilivishika kwa upendo, likaviachia kwa mlio wa kubusu. Shangazi, aliyebeba mfuko wa mandazi na chupa ya chai, alishika jani lililomwasha mkono hata kiwikoni, na alipoketi kujikuna, aliketi juu ya njia ya siafu. Kelele alizopiga zilifuatwa na simu ya mpwa wangu, iliyopata mtandao ghafula mahali ambapo haikutazamiwa na mtu, ikaimba wimbo mzima wa rumba kabla hajaipata mfukoni.

Katika hali hiyo ya ukimya kamili tukawafikia gorila. Majike wawili walikuwa wakimenya vichipukizi vya mianzi kwa utulivu wa watu wanaojua kwamba chakula hakitakwisha, na mtoto mmoja akajiviringisha chini kwa furaha tupu. Walakini dume mkubwa, ambaye manyoya ya mgongoni yamekwisha kuwa na mvi, hakupendezwa na rumba. Akainuka, akajipiga kifua, akanguruma na kutujia huku akivunja mianzi kushoto na kulia.

Hapo ndipo historia ya mji wetu ilipodhihirika yote kwa mara moja. Shangazi alilala kifudifudi juu ya mandazi, kwa namna ya 1996. Mpwa wangu, aliyezaliwa baada ya 2004 na kuyajua mambo haya kwa riwaya tu, alijificha nyuma ya mwanzi usiozidi unene wa mkono wake. Mimi nilijificha nyuma ya mpwa wangu. Mjomba peke yake alisimama wima, tai kifuani, hata dume akafika karibu, akamtazama, akapumua kwa dharau, kisha akageuka na kurudi kwenye mlo wake.

Kiongozi alimpa mkono kwa shauku. "Mzee, katika wageni wote niliowaleta, sijaona shujaa kama wewe."

Mjomba akaipokea sifa hiyo kwa unyenyekevu, akaongeza kwamba ujasiri ni jambo la malezi. Kisha, kiongozi alipokwisha kutangulia, akatuita kwa sauti ya chini ili tumsaidie kuchimba. Kwa maana viatu vyote viwili vilikuwa vimezama hata kwenye vifundo, na kamba alikuwa amezifunga mara mbili.

Sifa yake ilivuma mtaani, na hakuna aliyeipunguza. Februari 2025 ilipofika na waasi wa M23 wakaingia mjini, majirani walimkuta kibarazani, cherehani kichwani, viatu mkononi.

"Mzee," wakamwambia, "si wewe uliyesimama mbele ya gorila? Walisema nini kule? Mtu asikimbie."

"Yule," akajibu mjomba huku akiteremka ngazi, "ni mla majani."