Mtoto Halipi, Kigari Kinalipa

Dada yangu anaishi Leeds, Uingereza, na kwa miaka mingi zawadi zake hazikutusumbua: soksi, chokoleti zilizoyeyuka na kuganda upya njiani, mara moja simu iliyotaka nywila ya mtu tusiyemjua. Binti yetu alipofikisha miezi minane, dada akatuma kigari cha kusukumia mtoto. Kikaja ndani ya kontena la watu hadi Dar es Salaam, kikapakiwa kwenye basi hadi Babati, nami nikaenda kukipokea stendi nikiwa nimevaa shati la kanisani.

Majirani wa Maisaka walikikagua kama wanavyokagua ng'ombe wa mahari. Fundi seremala alikiita kitoroli. Watoto wa mtaa wakakiita guta la mtoto. Mama auzaye vitumbua alikizunguka mara mbili, akabonyeza matairi kwa kidole, akauliza kinabeba kilo ngapi.

"Ni cha mtoto, mama."

"Najua ni cha mtoto. Nauliza mtoto akishalala."

Mke wangu hakuuliza kitu. Alikunja kanga yake, akaiweka begani, akasema, "Mgongo wangu una kasoro gani?" Kisha akaingia jikoni. Nimeishi naye miaka sita na ninajua kwamba swali la namna hiyo halitaki jibu, linataka kumbukumbu.

Shida ya kwanza ilikuwa njia. Lami ya Babati ni nzuri, lakini ni ya barabara kuu. Mtaani kwetu kuna vumbi, mawe, na mitaro ambayo mvua huichimba na halmashauri huifikiria. Siku ya kwanza nilimsukuma binti yangu mita kama mia mbili hivi. Mashavu yake yalitikisika njia nzima, na kila sauti aliyoitoa ilitoka imekatwakatwa. Yeye alifurahi sana. Mimi nilirudi nyumbani na kiuno cha mzee. Baadaye nikasoma kwamba kigari cha mtoto kinachotajwa kuwa cha mwanzo kilibuniwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, kwa watoto wa Duke wa Devonshire, na kilikusudiwa kuvutwa na mbuzi au farasi mdogo. Nikapumua. Kumbe hata wenyewe hawakuanza kwa kumtesa baba mtu.

Lakini nilikuwa nimeshajitangaza. Kwa hiyo Jumamosi tulipoamua kwenda Dareda kumsalimia mama mkwe, nikasema kigari kinakwenda. Dareda si mbali. Unashika barabara ya Singida, unauacha mlima Kwaraa nyuma yako, unaufuata ule ukuta wa Bonde la Ufa mpaka unaona kama utakuangukia. Siku zote tumekwenda kwa Haisi, mtoto mgongoni kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kutuonea huruma.

Stendi, wapiga debe walikidaka kigari kabla hawajanidaka mimi. Mmoja alikivutia kwenye gari la upande mwingine, mwingine kwenye letu, na kwa dakika nzima binti yangu alikuwa akienda pande mbili za mkoa wa Manyara kwa wakati mmoja. Letu likashinda.

Konda akakitazama. "Kaka, hiki kwenye buti hakiingii. Buti lina vitunguu."

Vilikuwa lumbesa, magunia yaliyoshonewa vilemba juu mpaka yakawa marefu kuliko walioyabeba.

"Kwenye keria, basi."

"Keria kuna kitanda."

Nikatazama juu. Kweli, kitanda, futi tano kwa sita, na mwenye nacho amekaa ndani akikisikiliza.

"Basi tuingie nacho ndani," nikasema.

Konda akafikiri kama hakimu. "Mtoto halipi," akasema. "Kigari kinalipa."

Nauli za LATRA ninazijua: ipo ya mtu mzima, ipo ya mwanafunzi. Ya kigari sijapata kuiona. Lakini nilikuwa na shati la kanisani na watu walikuwa wanatazama, nikalipa nafasi ya mtu mzima kwa ajili ya matairi manne. Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu aliyebanwa bure ni mvumilivu. Mtu aliyelipia nafasi ni hatari.

Kigari kikakaa jirani na mlango, mahali pa kile kiti cha kukunja. Nikakikalia pembeni kama mlinzi wa benki. Binti yangu, akiwa amefungwa mikanda mitano kama rubani, akalala. Mke wangu alikwenda kukaa nyuma ya dereva, akageuzia uso dirishani, na mama aliyekaa naye alipomuuliza yule baba wa kigari ni wa wapi, alijibu kwamba anasikia ni wa Maisaka.

Nitasema jambo kuhusu Haisi kabla sijaendelea. Ndani ya Haisi hakuna nafasi ya mtu. Kuna kusogea. Neno "kidogo" katika "sogeeni kidogo" halina kipimo, na kila mara hupatikana, hata pale ambapo fizikia imeshakataa. Mtoto naye hana kiti kwa sababu hahitaji: gari la watu kumi na wanne lina magoti ishirini na nane, na kila goti ni kiti cha mtoto. Unapanda na mwanao, mtu usiyemjua anasema "mlete huku nikushikie", anampokea kabla hajakusalimu, na mnapofika anakurudishia akiwa amefutwa kamasi. Mimi nilikuwa nimeingia na kifaa kinachosema: huyu wangu hagusi magoti yenu.

Kila aliyepanda aliruka kigari. Mwenye ndoo alikiruka na ndoo. Kijana mmoja alikanyaga tairi akaniomba radhi, kisha akaliomba radhi na tairi.

Hatujatoka mjini bado, gari likasimama kumpakia mzee mwenye mkongojo. Mguu wake wa kulia ulikuwa na bandeji kuanzia kifundo hadi juu ya goti, nao haukukunjika hata kidogo. Ukiwa na mguu wa namna hiyo, ndani ya Haisi panakufaa mahali pamoja tu: hapo mlangoni, unyooshe. Watu wote wakalijua hilo kwa pamoja, wakanitazama.

"Kaka," konda akasema kwa upole, "tukikunje."

"Hakikunjiki."

Sikuwa na uhakika nalo. Sikuwa nimewahi kujaribu.

"Basi tukisogeze."

"Mtoto amelala," nikasema. Na kwa kuwa shetani akikuanza hakuachi njiani, nikaongeza, "Na nimelipa."

Nilipoyatamka hayo nikayatambua. Nilikuwa nimeyasikia kwa dada, siku aliponipigia kunieleza kigari kiko njiani. Kule kwao kuna kesi maarufu. Februari 2012, Doug Paulley, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, alitaka kupanda basi la kampuni ya FirstGroup kutoka Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ya viti vya magurudumu ilikuwa na mama mwenye kigari, mtoto amelala ndani yake. Dereva akamwomba mama asogee. Mama akasema kigari hakikunjiki. Dereva akaishia hapo. Paulley akabaki kituoni akingoja basi jingine, na treni aliyoikusudia Leeds ikamwacha. Akashtaki. Akashinda, akashindwa kwenye rufaa, akapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 18 Januari 2017 majaji saba, kwa kigari kimoja, wakampa haki kwa sehemu: fidia hakupata, lakini walisema haitoshi dereva kuomba mara moja na kunyamaza. Abiria akikataa bila sababu ya maana, inafaa kumsisitiza, na ikibidi kulisimamisha basi dakika chache ili aone haya.

Dada alinisimulia hayo akicheka. Nami nilicheka, tena nikamlaani yule mama. Sasa nimekaa kwenye Haisi ya Dareda nikitumia maneno yake yaleyale, na mimi sikuwa hata na kisingizio cha Kiingereza.

Dereva wetu hajasoma hukumu ya majaji saba, lakini alifika palepale kwa akili yake. Akazima gari. "Hatuondoki," akasema, "mpaka huyo baba aone aibu."

Mpango huo ni mzuri kwa Leeds. Babati gari kusimama si adhabu, ni ratiba. Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja alishuka kununua karanga. Mwenye kitanda alitoka kukikagua kitanda chake. Kijana aliyekuwa amesinzia aliamka akauliza kama tunangoja gari lijae, akaambiwa ndiyo, akalala tena. Na kwa kuwa gari limesimama, abiria wawili wapya wakaliona na kupanda, konda hakuwakatalia, na nafasi iliyokuwa ndogo ikawa hadithi. Mzee alikuwa bado chini, ameegemea mlango, ananitazama bila hasira. Heri angenitukana.

Aliyenitoa hapo ni bibi wa siti ya mwisho, ambaye sikuwa nimeuona uso wake kwa sababu ya kapu.

"Wewe baba! Mlete mtoto huku. Mtoto gani anafungwa kamba nyingi kuliko mbuzi wa mnadani? Kamkosea nani?"

Nikafungua mikanda. Binti yangu akasafiri mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu kama sahani ya pilau shughulini, na hakuamka mpaka mikono ya nne. Akafumbua macho, akamwona bibi, akazishika shanga za shingoni mwake, akacheka. Hajawahi kunichekea mimi hivyo, na mimi ndiye niliyemsukuma juu ya mawe.

Kikabaki kigari. Nilikivuta, nikakisukuma. Konda akakipiga teke la kitaalamu, lile la kufunga mlango wa Haisi. Mwanafunzi mmoja akashauri tuzime na kuwasha. Kikasimama wima, kinatung'ong'a.

"Kijana," mzee akasema kutoka chini, "kigeuze."

Nikakigeuza.

"Mimi ni fundi baiskeli tangu hujazaliwa. Kitu chenye matairi hakinifichi jambo." Akanyanyua mkongojo, akaangalia, akadonoa kitufe chekundu kilichokuwa chini ya mpini. Kigari kikaanguka na kujikunja chenyewe kama mwavuli. Gari zima likapiga makofi. Inasemekana vigari hivi vya kukunja vilibuniwa mwaka 1965 na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyekuwa ameshiriki kubuni magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, yale yanayojikunja ndege ikipaa. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nilishindwa na jambo la anga.

Mzee akapanda, akakaa mahali pangu, akanyoosha mguu, na kigari kilichokunjwa akakiweka chini yake kama mto. Akakibonyeza. "Kizuri," akasema. "Kina sponji."

Mimi nikasimama, shingo imepinda, kisogo kikisoma paa la gari hadi Dareda. Mke wangu aligeuka kwa mara ya kwanza, akanitazama kwa muda, akarudi dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Tulipokaribia kushuka nikamwomba konda anirudishie nauli ya kigari, maana nafasi hakikuipata.

"Kaka," akasema, "kigari kimesafiri au hakikusafiri?"

Mama mkwe alimpokea mjukuu wake, nikampa shikamoo, akaitika, halafu akakitazama kigari nilichokibeba begani kama jembe. Nilikifungua kumwonyesha. Akaigusa ile mikanda mmoja mmoja, akauliza kama kule Uingereza watoto wana nguvu sana. Jioni, wakati wa kuondoka, nikakikuta kimejaa: mbaazi debe moja chini, maboga mawili juu yake, na juu ya maboga jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, zawadi ya mkwe. Huwezi kuikataa. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefungwa kanga, wote wawili wakinitazama kwa ile sura moja.

Haisi iliyotuchukua ilikuwa ileile ya asubuhi. Nikawahi kuomba radhi, nikasema nitakikunja. Konda akashtuka.

"Usikikunje, kaka! Kiweke palepale mlangoni. Funika na hiki." Akanipa kitenge, akashusha kofia ya kigari, akamziba jogoo vizuri. Nauli hakudai.

Sababu niliielewa tulipokaribia mjini. "Chuchumaeni!" akanong'ona, na wale sita waliokuwa wamesimama wakashuka chini kwa pamoja kama jamaa wa swala. Trafiki akanyoosha mkono, gari likasimama, mlango ukafunguliwa. Kitu cha kwanza alichokiona afande hakikuwa wale sita. Kilikuwa kigari cha mtoto, cha Uingereza, kofia imeshushwa.

"Tuna mtoto mchanga, afande," konda akasema kwa sauti ya msibani. "Amelala."

Uso wa afande ukalegea. Akavua miwani ya jua, akainama, akanyanyua kitenge taratibu kwa vidole viwili, kama mjomba aliyekuja kumwona mpwa wake kwa mara ya kwanza.

Jogoo akamtazama. Yeye akamtazama jogoo. Ndani ya gari hakuna aliyepumua, isipokuwa mke wangu, ambaye alikuwa ameuma pindo la kanga.

"Huyu," afande akauliza, "ana umri gani?"

Konda akawahi kabla sijafungua mdomo. "Hajafika miaka mitano, afande. Halipi nauli."