Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Biashara ya Kaboni, Bonn

Waheshimiwa,

Nawaarifu kwamba habari za kikao cha tabianchi cha Baku cha Novemba 2024, ambacho mataifa yaliafikiana ndani yake juu ya kanuni za biashara iliyotajwa katika Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, zimetufikia hata sisi wakazi wa pwani ya Kwale. Na kwa kuwa ninyi ndio mliokabidhiwa mizani, nimeona si vibaya kuwaletea masuala machache, hali nikitaraji fatwa na si fedha, ijapokuwa fedha nazo hazitakataliwa.

Sisi si wageni wa kuuza miti ng'ambo. Babu zetu walikata mikoko wakaipanga kwa unene wake, fito mbali, pau mbali, mazio mbali na boriti mbali, wakaihesabu kwa korija, na majahazi yakaichukua mpaka Arabuni na Ghuba kutandikiwa dari za nyumba, hata ilipofika mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuisafirisha nje. Katika biashara ile mnunuzi aliweza kuigonga boriti kwa kidole akajua kama imeliwa na mdudu. Katika hii yenu, mnunuzi ni kampuni ya ndege ambayo moshi wake umekwisha panda tangu asubuhi, na muuzaji hana cha kumwonyesha ila mche uliomfika magotini, ambao waahidi kuimeza hewa ile kidogo kidogo kwa muda wa miaka thelathini, iwapo mbuzi, ukame, moto na waziri ajaye watauridhia. Wallahi, aliyeibuni tijara hii astahiki kuandikwa katika tarehe.

Wazee waliotunga Itifaki ya Kyoto hawakuwa na imani kubwa na mche huo, kwani chini ya kanuni zao hati ya kaboni iliyotokana na kupanda miti ilikuwa ya muda tu, siku zake zikitimia yapasa kuwekwa nyingine mahali pake. Na soko la kaboni la Umoja wa Ulaya halikuipokea kabisa. Bidhaa ambayo Ulaya haikuviruhusu viwanda vyake kuitumia kulipia moshi wavyo, ndiyo hiyo ambayo wakubwa wetu hutuhubiria kuwa ni dhahabu ya Afrika.

Nisidhaniwe kuwa ni hasidi. Pale Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioasisiwa mwaka 2013, waangalia hekta 117 za mikoko na kuuza hati za takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya skuli. Watu wa huko wapanda mikoko, wapanda na mivinje pia, ili mwenye kutaka kuni na miti ya kujengea asiwe na haja ya kuingia topeni na shoka. Insafu yanilazimisha kusema kuwa hilo ni jambo jema. Na insafu iyo hiyo yanilazimisha kuongeza kuwa mapato ya miaka ya mwanzo, kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka kwa vijiji viwili, sidhani kama yangetosha kuwasafirisha na kuwalaza wajumbe wa nchi moja kule Baku. Marehemu Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Green Belt mwaka 1977, aliwalipa kina mama ujira mdogo kwa kila mche ulioshika, si kwa mche uliofukiwa mbele ya mpiga picha, wala hakumhitaji mthibitishaji kutoka ng'ambo kuja kumwambia kama mti u hai.

Sasa nifike kwenye suala lenyewe, nalo ni la Kaya, misitu yetu mitakatifu. Mwasema kwamba halipwi mtu kwa wema ambao angeutenda hata asingelipwa. Basi tuwafanyeje wazee wa Kaya Kinondo na wenzao wa Kaya nyingine za Mijikenda, ambazo baadhi yake UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, hali wao wamezihifadhi kizazi baada ya kizazi kwa miiko na viapo? Kwa kanuni yenu hawa hawana haki ya hata senti, kwani wema wao ni wa kale mno. Lakini yule aliyefyeka msitu akauza makaa, akija kupanda mikaratusi kwa safu, huyo ni mstahiki, mradi miaka ya kutosha iwe imepita tangu alipofyeka. Na kwa misitu iliyosimama, hati hupimwa kwa hofu: kadiri ionekanavyo kwamba msitu ungaliangamia, ndivyo tani zizidivyo. Januari 2023 gazeti la Guardian na wenziwe waliandika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizoidhinishwa na shirika la Verra yamkini hazikupunguza hewa chafu yoyote; Verra ikakanusha, nami sina mizani ya kuwaamulia.

Ila nimejifunza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 imeipa jamii asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya kutolewa gharama, na gharama huandikwa na mwenye kalamu; hata hivyo asilimia 40 ya kitisho kizuri si haba. Kwa hiyo nimeazimia kuitishia Kaya. Wazee wamekataa katakata kutia saini, wakisema kuwa hata kuutishia msitu ni mwiko, basi nitatisha mimi kwa niaba yao. Naomba mnifahamishe: je, kitisho chatosha kwa mdomo, au ni lazima kiwe na muhuri wa wakili? Nacho chadumu muda gani kabla ya kuhitaji kutishwa upya? Fauka ya hayo, shoka ninalo moja, nalo halina mpini. Kupata mpini itanibidi nikate mti, na sijui kama mti huo utapunguzwa katika hesabu yangu.

Wasalaam,
Mimi mtiifu wenu, mkazi wa pwani ya Kwale