Kamati ya Baiskeli

Shangazi alikuwa mkunga wa zahanati wilayani Korogwe, na alizoea kuwafuata wazazi vijijini kwa Phoenix nyeusi, ile ya breki za vyuma. Akiitwa usiku, alijifunga kanga juu ya gauni, akashika tochi, akaondoka. Ndipo likaja wazo la kumuenzi kwa kuipanda baiskeli hiyohiyo kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe, karibu kilomita 300, watu wachangie, tununue magodoro ya wodi ya wazazi.

Nikalitangaza kwenye grupu la ukoo. Jibu la kwanza: "Poleni sana. Mazishi lini?" Shangazi tulishamzika zamani, na binamu huyo alikuwepo, tena alirudia wali. Kabla sijafafanua, rambirambi zimejaa na mtu ametuma elfu kumi ya sanda. Mweka hazina hakuirudisha. Aliiandika "maombolezo, awamu ya pili".

Kwetu jambo haliendi bila kamati. Kikao kikachagua mwenyekiti, katibu, kamati ya chakula, ya usafiri na ya sare. Suala la nani atapanda baiskeli liliwekwa kwenye Mengineyo. Tulipolifikia, usiku umeshaingia, binamu waliojitolea kwa mbwembwe walikuwa na goti, mtihani wa mtoto, na presha. Nikabaki peke yangu. Sare ilipita bila kupingwa: kitenge cha zambarau, na kwenye bajeti kiliyazidi magodoro. Nilipohoji, Mama Mdogo alivua miwani.

"Mwanangu, unataka wifi yangu asindikizwe na watu waliovaa hovyo?"

Nani angejibu hapo? Mshereheshaji naye alipita kwa hoja hiyohiyo.

Nikaipeleka Phoenix kwa fundi wa mtaani. Aliitoa tiubu, akaizamisha kwenye beseni na kuizungusha polepole hadi mapovu yalipojitokeza, akapachora kwa msumari. Akasugua msasa, akapaka solusheni, akaipuliza kwa mdomo kabla ya kubandika kiraka alichokata kwenye tiubu nyingine. Kazi safi kabisa. Mnyororo ukapata oili, gololi zikabadilishwa.

"Unaipeleka wapi?"

"Korogwe."

"Basi toa pedeli kabla hawajaipakia. Makonda hawana huruma na fremu."

Nikamwambia ninaipanda. Akaniangalia tumbo, akaangalia spoki, akakaza nati ya siti bila kuombwa.

Hadi Chalinze sina wasiwasi sana, ukiacha malori. Pale ukiiacha barabara ya Morogoro na kushika ya Segera, Bonde la Wami linakungoja. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, magari yakisubiriana; jipya, lililoanza kutumika 2022, ni pana na la kupendeza, ila bonde ni bonde: utateremka, halafu utapanda, na Phoenix haina gia. Nilipolieleza hilo kikaoni, kamati ya usafiri ilitikisa vichwa kwa uchungu, kisha ikakodi Coaster ya wasindikizaji. Imejaa. Wapo majirani ambao hawakumjua Shangazi hata kwa sura, ila kitenge wameshashona.

Jana Mama Mdogo kapiga simu. Mtu mmoja amejitoa, siti ya dirishani imebaki, na dereva anasema baiskeli itafungwa vizuri juu ya keria. Nimemwomba asimpe mtu siti hiyo hadi tuvuke Wami.