Mwongozo kwa Anayekwenda Kukumbushana

Umealikwa kwenye kikao cha ukoo, na ajenda ya pili ni historia ya babu. Kwanza kabisa, usiandike chochote kabla ya kwenda. Mwenye daftari huharibu shughuli, maana hufika na kumbukumbu zake na huondoka nazo.

Kaa karibu na yule apendaye kuanza. Kila ukoo unaye, na aghalabu ni mjomba mwenye sauti kubwa na uhakika mkubwa zaidi. Mwache aanze. Wewe kichwani ulikuwa na njia yako: umetoka uani, umepita kisimani, unakaribia duka la babu. Yeye kaanzia safari ya Zanzibar. Basi, dukani hufiki tena jioni hiyo. Barbara Basden na wenzake walilieleza hilo mwaka 1997: kila mtu ana mpangilio wake wa kukumbuka, na kuwasikiliza wengine huuvuruga. Mwaka huohuo Mary Susan Weldon na Krystal Bellinger walionyesha hasara yake. Watu watatu waliokumbuka pamoja walitaja mambo machache kuliko watatu waliokumbuka kila mmoja kivyake, majibu yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja. Kikundi bado humshinda mtu mmoja, ndiyo maana vikao hufungwa kwa kupongezana.

Kama kuna jambo ungependa lisahaulike, tuseme shamba la minazi lililouzwa bila ndugu kuambiwa, usilikwepe shamba. Ukilikwepa utalihifadhi. Lizungumzie kwa mapana: mbuyu wa mpakani, mkwezi aliyeanguka, bei ya mbata enzi zile. Ruka mauzo tu. Alexandru Cuc, Jonathan Koppel na William Hirst walionyesha mwaka 2007 kwamba msikilizaji husahau zaidi yale yaliyoachwa ndani ya habari iliyosimuliwa kuliko yale ya habari ambayo haikuguswa kabisa. Msimuliaji naye husahau, kwa hiyo hata dhamiri itapata nafuu. Katika siasa zote za ukoo sijaona mbinu ya bei rahisi kama hii.

Ukitaka kuongeza badala ya kupunguza, ongeza kinachofanana na mahali. Henry Roediger na wenzake, mwaka 2001, waliwaonyesha watu picha za vyumba vya nyumbani, kisha wakawataka wakumbuke pamoja na mtu aliyepangwa kutaja vitu visivyokuwamo. Baadaye wengi walivikumbuka vitu hivyo, hasa vile ambavyo mtu angetarajia kuvikuta chumbani humo. Kwa hiyo usimpe babu motokaa. Mpe baiskeli. Baada ya futari ya pili kutakuwa na shangazi aliyewahi kuipanda.

Usidhani haya ni ya watu wa mabarazani tu. Baada ya bomu la Oklahoma City, Aprili 1995, mfanyakazi mmoja wa duka lililomkodishia Timothy McVeigh lori alisema kulikuwa na mwanamume wa pili. Wenzake wawili hawakuwa na uhakika, lakini baadaye nao wakamkumbuka. FBI walichora sura yake na kumsaka nchi nzima. Hatimaye walihitimisha kwamba mfanyakazi yule alimchanganya na askari asiyehusika, aliyefika dukani siku iliyofuata na mwenzake kuchukua lori jingine.

Wa kuwaogopa ni wazee waliooana zamani. Celia Harris na wenzake, huko Australia, waliona baadhi yao wakikumbuka vizuri zaidi wakiwa pamoja, kwa kuwa wanaulizana, wanangojeana, na mmoja humalizia alipokwama mwenzake. Watenganishe: bibi jikoni, babu mdogo barazani.

Na siku hizi kuna wajukuu wanaopita nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, na kumhoji kila mzee peke yake, simu ikirekodi. Hao wapewe tarehe ya kikao ikiwa imekwisha kupita.