Waraka kwa mzee aliyewaonya mabinti kuhusu mambo ya Beijing



Nilikuwepo Chamwino uliposimama kuwapa maharusi nasaha, ukasema ufeministi unavunja ndoa, ni mambo ya Beijing, na mwanamke wa haki sawa anataka kuwa mwanaume. Watu walikupigia makofi. Mkubwa hakatizwi akizungumza, ndiyo maana nakujibu kwa maandishi.

Katibu Mkuu wa mkutano ule wa wanawake wa Beijing, mwaka 1995, alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Miaka arobaini kabla ya mkutano huo Bibi Titi Mohamed alikuwa akipita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU. Ukiyaita madai yetu ya kigeni, unamvua Bibi Titi uraia wa nchi aliyoipigania.

Kuhusu kuwa wanaume: wewe ni Mgogo, muheme unaujua, na wanaokaa na ngoma zile katikati ya magoti ni wanawake. Tena wazee wako, mifugo ilipoingiwa na maradhi, waliwaachia wanawake wavae mavazi ya kiume, washike fimbo, wachunge, ili balaa liondoke. Jambo linalokutisha wewe halikuwatisha wao.

La kwamba tunawachukia wanaume, ulilolisema pia, nalipita. Baba yangu aliuza mbuzi ili nisome.

Lakini hapo kwenye ndoa sibanduki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi akaenda mahakamani kukipinga. Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwaka 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha. Miaka mitano baada ya rufani, kifungu kilikuwa bado kinasubiri kufutwa, na Bunge liko hapa hapa Dodoma, karibu na kwako. Sijasikia ukiwapa wabunge nasaha. Ndoa ya mtoto aliyetolewa darasani kwa ajili ya ng'ombe imebomoka siku ile ile inapofungwa, na feministi hakualikwa.

Ulisema pia tumeshapata kila kitu: Rais Samia tangu mwaka 2021, na Maspika, Anne Makinda kisha Tulia Ackson. Nawaheshimu wote. Ila Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane harithi mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mjane wa Bahi anayefukuzwa na mashemeji kwenye shamba la uwele alilolipalilia tangu aolewe hashibi kiti cha Spika. Huyo ndiye tunayemsemea. Hajawahi kulisikia neno ufeministi, na hahitaji kulisikia ili adai jembe lake lihesabiwe.

Sasa nakuuliza jambo la nyumbani kwako, uniwie radhi. Shamba lako la Mvumi mmelilima na mama tangu ujana wenu. Hati yake ya kimila ina majina ya nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na majina mawili yanaruhusiwa. Kama la mama halimo, ofisi ya kijiji iko wazi kesho. Mpeleke ungali hai, kabla nduguzo hawajaketi kugawana.

Mwanao,
Area C, Dodoma